Choo cha Mabula Kilipokuwa na Meno

Wadogo zangu mnaolea watoto wa watu, mimi nimestaafu. Najua mkisikia mtu kastaafu mnafikiria mzee mwenye mkongojo na barua ya pensheni. Mimi sina hata mvi moja, na kiinua mgongo changu ni mgongo wenyewe, ambao watoto wa watu wameupinda mpaka leo nikisimama naonekana kama nimedondosha kitu nakitafuta. Nilianza uyaya nilipomaliza darasa la saba kule Ngulyati, nikaacha nilipoolewa, na sasa nalea wa kwangu bila bosi, isipokuwa huyo mtoto mwenyewe.

Nilikuwa nimenyamaza zangu. Lakini juzi nilikuwa sokoni hapa Bariadi, kwenye meza ya nyanya, nikamwona binti kabeba mtoto mgongoni, na anayelia ni binti, mtoto katulia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kulikoni?" Akasema bosi wake kamwambia mtoto hapati choo kwa sababu yaya ana mkono mzito. Eti akimlisha yeye, chakula kinaganda tumboni.

"Na bosi wako, mkono wake mwepesi unafanya kazi gani?"

Akafuta kamasi. "Unabadilisha stesheni za redio."

Nilikasirika mpaka nyanya nikazisahau mezani. Mkono mzito. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwa mtoto anaitwa Mabula, na mtoto yule nusura azikwe wakati watu wanaupima mkono wangu. Sasa kaeni niwaambie, maana inaonekana mji umekua lakini vichwa vimebaki pale pale.

Baba Mabula alikuwa mnunuzi wa pamba. Ninyi mmekuta mambo yako hivi, hamjui, lakini zamani pamba yote ilikwenda ushirika. Halafu mlango ukafunguliwa, ikawa ruksa, mwenye mizani na gari akawa mnunuzi. Baba Mabula alikuwa na mizani, lori la kuazima na sauti kubwa. Msimu ukifika analala vijijini, akirudi kabeba vitu vya Mwanza ambavyo hakuna aliyeviagiza. Akaleta feni kabla ya nyumba kuwa na umeme. Akaleta maua ya plastiki, nikaambiwa niyapanguse kila asubuhi, na mchicha wenye uhai nyuma ya nyumba unakauka kwa kiu. Na siku moja akaleta poti ya bata.

Ilikuwa poti ya njano, mbele ina kichwa cha bata, macho yametoka kama kaambiwa habari mbaya. Mtoto anapanda kama anapanda punda, miguu inaning'inia huku na huku. Mama Mabula aliipenda mpaka akakataa isitoke nje. Ikawekwa sebuleni, pembeni ya redio, juu ya kitambaa cha kufuma. Mgeni akiingia, hata habari za nyumbani hajaulizwa, anaonyeshwa bata. Na Mabula, ambaye alikuwa ndio kwanza anakaribia miaka miwili, anavuliwa kaptula na kupandishwa juu, aonyeshe kazi.

Niambieni ninyi, mngeweza? Ukae juu ya bata katikati ya sebule, mjumbe wa nyumba kumi na mke wake wanakutazama, soda mkononi, wanakwambia, "Haya, jitahidi"?

Kitu cha pili kilikuwa ng'ombe. Mabula alipewa jina la baba wa baba yake, mzee wa Lingeka huko Meatu, ambaye wote tulimwita Guku, yaani babu. Kwa ukoo wao, mjukuu akibeba jina la babu, babu anamtolea ng'ombe wa maziwa. Guku akamleta mwenyewe, ng'ombe mwekundu, akamfunga uani, akasema, "Huyu ni wa Mabula. Maziwa yake ni ya Mabula." Akanywa maji, akaondoka. Hakufafanua. Wazee wa kule hawafafanui, wanasema mara moja, wengine mtajijua.

Mama Mabula akayashika maneno yale kama amri ya jeshi. Maziwa ya Mabula ni ya Mabula. Hayauzwi, hayaingii kwenye chai ya mtu, hapewi jirani hata akiwa mgonjwa, paka akiyatazama anatupiwa kandambili. Na kwa kuwa ng'ombe alikuwa na bidii na mnywaji ni mmoja, Mabula alikuwa na kazi ya kutwa. Akiamka, maziwa. Akilia, maziwa. Akianguka akachubuka goti, maziwa. Ugali ukiletwa, tumbo limeshajaa, anageuza uso. Mama anasema, "Mwache, maziwa ni chakula kamili." Baba anasema, "Sisi tumekua kwa maziwa."

Ulikua kwa maziwa, sawa, baba, na kwa mlenda, na kwa viazi, na kwa maembe uliyokuwa unaiba kwa watu. Hayo huyasemi kwa sababu hayana pembe.

Choo cha Mabula kikaanza kuwa vigololi, kikaja kuwa kikubwa na kikavu kama gunzi, halafu kikawa hakiji. Siku kikija, kilio chake kinamtoa nje mama wa nyumba ya tatu. Mara nyingine kinatoka na uzi mwekundu wa damu. Siku moja nimemshika mikono anatetemeka, nikamuuliza, "Mabula, nini?" Akanitazama, machozi yamejaa, akasema, "Dada, pupu ina meno."

Msicheke. Mimi nilicheka, kisha nikauona ule uzi wa damu, nikaacha.

Tangu siku hiyo akawa na mchezo wake. Anajificha nyuma ya mlango, anashika komeo, anasimama kwa vidole vya miguu, anabana mapaja kama mkasi, uso unaiva. Na sisi wakubwa tumesimama pale tunasikitika, "Anajikamua, maskini." Watu wazima wenye macho mazima, na hakuna aliyeona anachofanya mtoto.

Akaniita Mama Mabula. "Minza, unamlisha nini mwanangu?"

"Maziwa, mama."

"Nani anamshikia kikombe?"

"Mimi, mama."

"Basi ndiyo hivyo. Una mkono mzito."

Mnaona hesabu hiyo? Kikombe hakina kosa, bata hana kosa, kosa ni la mkono wa Minza wa Ngulyati. Na mkono huo huo ulikuwa mwepesi ajabu kwenye kufua, kuteka maji, kukamua huyo ng'ombe, na kupangusa maua yasiyoota. Nilimjibu, "Mama, kama ni mzito, mbona vyombo havivunjiki?" Nikanyimwa chakula cha jioni kwa jibu hilo. Lilikuwa jibu zuri, sijutii.

Halafu likaja la kutuchanganya. Mabula akaanza kuchafua kaptula. Majimaji, kidogo kidogo, kutwa nzima, na yeye mwenyewe hana habari. Mama Mabula kwanza akafurahi kwamba mlango umefunguka, kisha akaogopa. "Sasa anahara. Kimbia duka la dawa."

Maduka ya dawa miaka ile yalikuwa yanachipua kila kona. Zamani ulikwenda zahanati ukaambiwa dawa zimekwisha. Sasa zikawa zimepangwa barabarani, zina rangi nzuri, na anayeziuza ni kijana ambaye msimu uliopita alikuwa anauza betri na nyembe.

"Mtoto anahara," nikamwambia.

"Mkubwa au mdogo?"

"Kaka, nimesema mtoto."

Akatoa kidonge cha rangi mbili, kama kimevaa chupi nyekundu na shati jeusi. "Mpe nusu asubuhi, nusu jioni. Hiki kinafunga papo hapo."

Hakuuliza umri. Hakuuliza tumbo likoje, wala jana lilikuwaje. Swali lake lingine lilikuwa jina langu nani na kama nina mchumba. Wadogo zangu, kijana anayeuza dawa na kutongoza kwa pumzi moja, moja kati ya hizo kazi haijui, na mtoto wa watu ndiye anayelipia.

Kidonge kikafunga kweli. Kilifunga mlango ambao ulikuwa umeshapigwa komeo. Tumbo la Mabula likajaa na kukaza, akalegea, hata maziwa akayakataa. Hapo ndipo akaitwa Mama Doto.

Mama Doto alikuwa jirani, mwenye mabega ya kubeba gunia na dawa ya kila kitu. Alikuja na bomba lake, kile kibofu cha mpira chenye mdomo mrefu cha kuingizia maji nyuma, na sufuria ya mizizi iliyochemshwa ikachanganywa na sabuni ya kufulia. Akatandika gunia uani.

"Mleteni. Minza, wewe shika miguu."

"Mama Doto, hiyo ni mizizi gani?"

"Ya kufungua."

"Kufungua nini?"

"Wewe binti, unanihoji kama hakimu?"

Nilikuwa na sababu ya kuhoji. Msimu ule ule mtoto wa mtaa wa nyuma alipigwa bomba la mizizi, akalegea mchana huo huo, akazikwa. Watu waliporudi makaburini walikuwa wanasema ni jicho la mtu. Jicho. Sufuria iko pale imepoa, sabuni inaonekana imeelea juu, na wao wanatafuta jicho. Mama Mabula alikuwepo kwenye msiba ule, alilia kuliko wenye msiba, na leo ndiye anamvua mwanawe kaptula.

Mabula alipoliona lile bomba akaninyooshea mikono. Hakupiga kelele, hakuwa na nguvu hizo. Akasema tu, "Dada."

Sikushika miguu. Nilishika mtoto mzima. Nikamtupia mgongoni, nikafunga kanga huku natembea, nikapita kwa ng'ombe nikatokea barabarani. Nyuma yangu namsikia Mama Mabula, "Minza, kazi huna. Kuanzia sasa hivi kazi huna." Nikasema moyoni, vizuri, kama sina kazi basi huna wa kumwamuru arudi. Nikaongeza mwendo.

Zahanati tulifika pamoja, yeye kavaa ndala moja, mimi nahema kama mbwa. Nesi aliyekuwepo aliitwa Wande, mama mtu mzima, miwani kaifunga kwa uzi. Hakutuuliza tunagombania nini. Akamlaza Mabula, akapasha viganja vyake joto kwa kuvisugua, akamgusa tumbo taratibu kama anayetafuta kitu gizani.

"Anahara, nesi," Mama Mabula akasema.

"Huyu hahari. Huyu kajaa. Choo kimekauka kikawa jiwe, na hayo maji mnayoyaona yanapenya pembeni ya jiwe. Mmempa nini?"

Mama Mabula akafungua pindo la kanga, akaonyesha kipande cha kidonge kilichobaki. Nesi Wande akavua miwani, akakitazama, akavaa tena. "Mtu kafungwa kamba, na wewe unaongeza kamba. Nani kakupa hiki?"

"Duka la dawa."

"Duka halijamshika tumbo mwanao."

Nikaingilia, "Na anajikamua sana, nesi, nyuma ya mlango, kwa vidole vya miguu."

"Hajikamui, binti. Anabana. Kilimuuma siku ya kwanza, sasa kila kikija anakirudisha ndani. Kikirudi kinakauka. Kikikauka kinauma zaidi, naye anabana zaidi. Mwanao hana ujinga wowote, mama. Anakimbia kinachomuuma. Wajinga ni hawa waliosimama wanamtazama." Akatutazama sote wawili, kwa usawa kabisa, nami nikapata sehemu yangu.

Akamwekea dawa laini ya kupenyeza nyuma, kwa upole, huku anamsimulia habari za mbuzi wake aliyekula shuka. Tukakaa pale mpaka kivuli cha jengo kikahama. Kilichotoka sitakieleza, najua wengine mnasoma na sahani mkononi. Niseme tu kwamba Mama Mabula alikiona, akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Mabula akalala hapo hapo, mdomo wazi, tumbo limeshuka.

Nesi akatupa dawa ya maji ya kulainisha ya kwenda nayo nyumbani, kisha akaniambia, "Binti, kaa chini. Nyoosha miguu."

Nikakaa. Akaniweka miguu sawa, nyayo zimeachana kidogo. "Akiamka, akishakula, mkalishe hapa, juu ya miguu yako, makalio yakae katikati ya nyayo, anakutazama usoni. Magoti yake yanapanda juu, mgongo unapata pa kuegemea, na anaona uso wa mtu anayempenda. Asubuhi akishakunywa uji, na jioni akishakula. Muda mfupi tu. Kisipokuja, mwinue, mwambie vizuri, usimgombeze, usimcheke. Mama zenu waliwakalisha hivi hivi."

Mama Mabula akasema kwa sauti ndogo, "Sisi tuna poti ya bata."

"Miguu inagusa chini?"

"Inaning'inia."

"Basi mpandishe huyo aliyeinunua."

Wadogo zangu, niliyoyapata kwa Nesi Wande siku ile ndiyo niliyokula nayo mpaka nastaafu, nawapeni bure. Mtoto aliyeanza kula anataka maji ya kunywa, mara kwa mara, siyo maziwa kila akifungua mdomo. Mpe mlenda. Najua mnaona aibu, mnaona mlenda ni wa shamba, lakini mlenda unateleza mdomoni na unajua njia yake. Mpe papai lililoiva, embe, viazi vitamu, mboga za majani, maharage yaliyopondwa, uji wa mtama au wa ulezi badala ya sembe tupu kila siku. Dawa ya kulainisha mliyopewa zahanati msiikatishe mara choo kikilainika, mpaka mtoto asahau woga, na woga hausahauliki kwa wiki moja. Vipande vya sabuni msipenyeze, vinaunguza. Tumbaku, mizizi, bomba, acheni kabisa.

Kichanga ni habari nyingine. Anayenyonya ziwa tu anaweza kukaa siku kadhaa hajapata choo, na kikija laini kama uji, hana tatizo, hata kama aliiva uso na kunguruma kama lori linapanda mlima. Bado anajifunza, mwacheni. Wa maziwa ya kopo, angalieni kijiko. Nililea pia huko Dutwa, kwa mwalimu mmoja, mkewe alikuwa anajaza kijiko cha maziwa mpaka kinakuwa kichuguu, eti mtoto ashibe haraka, na mtoto anatoa choo kama udongo wa kufinyangia. Kopo limeandikwa kijiko kisawazishwe, na nyumba ile ni ya mwalimu, jamani. Nikawa nasawazisha kwa kisu mwenyewe, na mtoto nikimlaza chali namzungusha miguu kama anaendesha baiskeli ya kwenda mnadani, namsugua tumbo kwa kiganja, kuzunguka kitovu taratibu. Ikatosha.

Lakini tumbo likivimba na kukaza, akitapika, hasa matapishi ya kijani, akiwa na homa, akitoa damu nyingi, akikataa kunyonya, au ni kichanga ambaye tangu azaliwe jana hajatoa choo, hapo hakuna mlenda wala miguu ya kukalia. Hospitali, na msipitie dukani.

Narudi kwa Mabula, maana mnadhani yameisha. Nesi alimaliza kwa kusema, "Na maziwa, vikombe viwili vidogo kwa siku, basi." Kazi yangu nilirudishiwa bila mtu kusema imerudishwa, niliambiwa tu nikazoe mavi ya ng'ombe. Mlenda ukapikwa. Papai likanunuliwa. Dawa ikanywewa. Maziwa yakabaki yale yale.

Nikamuuliza, "Mama, nesi si amesema?"

"Nesi hamjui Guku. Akija akiuliza maziwa ya Mabula yanakwenda wapi, niseme nini? Mimi mkwe wake nimwambie ng'ombe wake kamfunga mjukuu? Atasema nimemkataa. Atasema nimelikataa jina."

Alikuwa anaogopa kweli, nilimwona. Hasira zangu hazikupungua kwa sababu hiyo. Mabula anapata nafuu, anakaa miguuni kwangu, kinakuja kidogo, kisha kikombe kikubwa cha bati kinarudi, mlenda anaukataa, na kesho yake yuko nyuma ya mlango kashika komeo. Mtoto anapasuka damu ili mzee aliyeko Meatu asinune.

Guku akaja msimu wa pamba ulipoisha, bila kutuma salamu, tukamwona tu langoni na fimbo yake. "Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma. Mama Mabula akapiga magoti kuitikia, akarudi ndani mbio. Mzee akaketishwa sebuleni, akaonyeshwa bata, akamtazama kwa muda, akamuuliza mwanawe, "Huyu anataga?" Akaletewa chai ya rangi. Kisha akaletwa Mabula na kikombe chake cha bati, kimejaa mpaka ukingoni, mama anamsukumia, "Kunywa, babu akuone."

Mabula akanywa. Akashuka kwenye kochi, akaenda nyuma ya mlango, akashika komeo, akainuka kwa vidole.

"Wajina wangu anacheza nini?" Guku akauliza.

"Michezo yake tu, baba," Mama Mabula akasema.

"Hachezi, Guku," nikasema mimi. "Anabana choo. Kikitoka kinamchana mpaka damu. Nesi kasema maziwa yamezidi, na hapa anajazwa yote kila siku kwa ajili yako."

Sebule nzima ikamgeukia mzee. Hata bata alionekana anasubiri.

"Kwa ajili yangu?"

"Ulisema maziwa ni ya Mabula."

Guku akaitazama chai yake, akakizungusha kikombe. "Mkwe wangu, hii ni chai ya rangi."

"Ndiyo, baba."

"Na uani nimemwona ng'ombe anakamuliwa."

"Ndiyo, baba, ila yale ni ya Mabula."

"Na mimi nimekuja kwa nani?"

Mama Mabula akamtazama mwanawe kule nyuma ya mlango.

"Nimekuja kwa Mabula," Guku akasema. "Nimetoka Lingeka nimekaa kwenye basi, mbuzi wa watu kanilalia miguuni, nimekuja kwa mwenye jina langu, na mwenye jina langu ananipa maji ya majani. Ng'ombe wa jina ni wa kukaribishia. Mtoto anakuwa na chake cha kumpa mgeni hata kabla hajajua kusema karibu. Nani aliwaambia ayamalize peke yake? Hata ndama namfunga mbali na mama yake, ale majani, tumbo lisimharibikie. Nilimpa mjukuu ng'ombe. Sikumpa kazi."

Akamgeukia Baba Mabula. "Na wewe, ulikulia nyumba gani?" Baba Mabula, mwenye mizani, mwenye sauti, alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

Mimi nilitaka kucheka na kulia na kutupa kitu. Miezi yote ile. Mtoto kachanika, kidonge, bomba, mkono wangu umekuwa mzito mtaa mzima, na lilihitajika swali moja kwa mzee, ambalo wote tuliogopa kuliuliza. Jioni ile Mabula mwenyewe alimpelekea babu yake maziwa, kikombe kwa mikono miwili, nusu akamwaga njiani. Guku akainywa ile nusu kama mfalme.

Hakupona kesho yake, msidanganywe na wanaosimulia hivyo. Guku alikaa muda mrefu, na kila siku majirani walikuwa wanapita kunywa maziwa kwa Mabula, hata Mama Doto, na bomba lake kaliacha kwake. Mabula akipata vikombe vyake viwili, njaa ikarudi, ugali akaanza kuufuata mwenyewe. Asubuhi na jioni tunakaa uani, mimi nimenyoosha miguu, yeye juu ya nyayo zangu, kashika vidole gumba vyangu. Siku nyingine hakiji, namwinua. Siku nyingine kinakuja kwa shida, tunaimba.

Halafu asubuhi moja, uji umeshashuka, alikaa, akanishika vidole, akakaza uso kwa woga wake wa zamani, na kabla hajaanza kulia kikawa kimeshatoka. Akashangaa. Akasimama, akageuka, akainama kutazama. Akatazama sana.

"Guku," akaita. "Njoo. Haina meno."

Guku akaweka chini fimbo aliyokuwa anaichonga, akaja, akachuchumaa pembeni yake, akakikagua kile choo kama ng'ombe wa mnadani. "Nzuri hii," akasema. "Imenona."

Mtaani wakasema Guku alimwombea mjukuu. Mama Doto akasema ni harufu tu ya mizizi yake ilitosha. Yule kijana wa duka aliniambia kwa mdomo wake kwamba kidonge chake kilifanya kazi, ila taratibu. Nesi Wande hakuna aliyemtaja, na mkono wangu hakuna aliyesema umekuwa mwepesi. Bata akahamishiwa uani, vifaranga wakawa wanamnywea maji. Kwa mara ya kwanza akafanya kazi ya maana.

Kwa hiyo wewe binti wa sokoni, ukiambiwa una mkono mzito, usilie. Uliza mtoto anakunywa nini kutwa, na uulize kwa sauti, mbele ya yule wanayemwogopa.

Mabula sasa ni mkubwa, anasoma, anacheza mpira, sauti kaipata ya baba yake. Nikimkuta barabarani na wenzake ananiamkia mbio mbio, "Shikamoo dada Minza," na kupotea kabla sijajibu, anaogopa nisije nikasimulia.

Marahaba, Mabula. Nimeshasimulia.